Kweli au Si Kweli: Wagombea Urais Waliouzwa kwa Senti 35

Ukiishika mkononi, unadhani ni bilauri ndogo isiyo na kitako. Ni silinda nyeusi, tupu katikati, urefu wake kama sentimita 11. Hushikwa kwa ndani: unapenyeza vidole viwili na kuvitanua, kwa sababu uso wa nje umechongwa mifereji myembamba sana na mafuta ya mkono huuchafua. Haina lebo ya karatasi kama santuri tulizozizoea baadaye. Jina la kilichomo limeandikwa kwa herufi ndogo ukingoni. Mwaka 1908, katika maduka ya Marekani, silinda kama hiyo iliuzwa senti 35. Wapo walionunua bendi za shaba, wapo walionunua vichekesho, na wapo walionunua wagombea urais.

Biashara hiyo ya kuuza hotuba za kampeni imesimuliwa sana, na kila msimuliaji ametia chumvi yake. Hapa tunazipima hadithi 11, moja baada ya nyingine.

1. "Mwaka 1908 ndipo wagombea wote wawili wakuu wa urais wa Marekani walipouzwa dukani kwa sauti zao wenyewe kwa mara ya kwanza."

KWELI.

Wagombea hao walikuwa William Jennings Bryan wa Democratic na William Howard Taft wa Republican. Mwezi Mei 1908, kampuni ya Thomas Edison ya fonografu, yaani mashine za kunasa na kucheza sauti, ilimpelekea Bryan mtambo hadi nyumbani kwake Lincoln, Nebraska, akajaza silinda 10. Agosti ikawa zamu ya Taft. Alikuwa mapumzikoni Hot Springs, Virginia, na yeye akajaza 12. Jumla yake ni silinda 22.

Si kwamba sauti za wakubwa hazikuwahi kunaswa kabla ya hapo. Ipo silinda ya takriban mwaka 1889 yenye sauti ya Rais Benjamin Harrison. Lakini hiyo ilikuwa kumbukumbu, haikuwa bidhaa. Jipya la 1908 ni kwamba mtu aliingia dukani, akatoa fedha, akarudi nyumbani na mgombea ndani ya kopo la karatasi ngumu.

2. "Vyama vilizigawa bure kwa wapiga kura."

SI KWELI.

Kosa hili linaeleweka. Sisi tumezoea kampeni inayokuja na khanga, kofia na fulana, kwa hiyo tunadhani na silinda zilimwagwa vivyo hivyo. Hapana. Zilikuwa mali ya dukani, zikapangwa kwenye orodha ileile ya nyimbo na vichekesho.

Tarehe zenyewe zinatoa ushahidi. Bryan alirekodi Mei, ilhali mkutano mkuu wa chama chake uliomteua ulifanyika Denver mwezi Julai. Alisema ndani ya pembe ya kurekodia ya Edison kabla hajawa mgombea rasmi. Aliyekuwa na haraka hapo ni mfanyabiashara.

Bei nayo haikuwa ya kutupa. Mfanyakazi wa kiwandani wakati huo alipata takriban senti 20 kwa saa. Aliyetaka silinda zote 22 alitoa dola 7 na senti 70, yaani karibu saa 40 za jasho, na bado hajanunua mashine ya kuzichezea. Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka 1908 siasa ilijiuza, tena kwa fedha taslimu.

3. "Zilirekodiwa kwenye mikutano ya hadhara, mbele ya maelfu ya watu."

SI KWELI, na hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote.

Tazama mtambo ulivyofanya kazi. Hapakuwa na maikrofoni. Palikuwa na pembe ya bati, mdomo mpana upande mmoja na tundu dogo upande wa pili. Msemaji aliukaribia ule mdomo mpana na kupaza sauti. Mawimbi ya sauti yakatikisa kiwambo chembamba mwishoni mwa pembe, kiwambo kikaisukuma sindano, na sindano ikachimba mfereji kwenye nta iliyokuwa ikizunguka. Nguvu yote iliyoitikisa ile sindano ilitoka kwenye sauti ya msemaji. Umeme haukusaidia chochote katika kunasa sauti.

Kwa hiyo mgombea hakuweza kuzunguka jukwaani. Akigeuza shingo tu kama anayeangalia watu wa kushoto, sauti inafifia. Akirudi nyuma hatua moja, anapotea. Umati uliokaa mita 20 mbele yake usingeacha alama yoyote ya maana kwenye nta. Bryan, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kusikika na maelfu ya watu bila kipaza sauti, alisimama nyumbani kwake akahutubia tundu la bati. Hapakuwa na wa kupiga makofi wala wa kuzomea.

Kurekodi kwa umeme kuliingia katika biashara mwaka 1925. Ndiyo maana mwimbaji Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili, fundi wa studio alikuwa na zana ambazo Bryan na Taft hawakuzipata. Basi ukiona video inayokuletea Taft wa 1908 huku makofi yakirindima nyuma yake, jua makofi hayo yamebandikwa na mtu mwingine baadaye.

4. "Walionunua walipata hotuba nzima."

SI KWELI.

Silinda ya kawaida ya wakati huo ilizunguka mara 160 kwa dakika na kumalizika kwa dakika mbili hivi. Kwa mwendo wa kawaida wa kuzungumza, hayo ni maneno kama 300. Mtu kama Bryan, aliyezoea kusimama jukwaani saa nzima na zaidi, ilibidi achague mada moja, akate salamu, akate visa, akate na marudio yanayompandisha msikilizaji polepole, kisha afunge kabla sindano haijafika ukingoni.

Matokeo yake, kila silinda ilibeba hoja moja: moja ya reli, nyingine ya makampuni makubwa yaliyohodhi soko, nyingine ya ushuru wa forodha, nyingine ya haki za wafanyakazi. Hata mambo yasiyo ya kampeni yalipata nafasi. Bryan aliweka silinda kuhusu kutokufa kwa roho, kipande cha mhadhara wake wa kidini aliokuwa akiutoa kwa malipo miji kwa miji. Taft aliweka moja kuhusu wamisionari ng'ambo na nyingine kuhusu ucheshi wa Waairishi. Mwenye duka hakujali iwapo mteja ni Mrepublican, Mdemocrat, mcha Mungu au mpenda utani, alimradi senti 35 ziko mezani.

5. "Silinda hizo ziliwawezesha watu kusikiliza mdahalo wa Bryan na Taft sebuleni."

KWELI, kwa namna yake.

Mwaka 1908 wawili hao hawakupanda jukwaa moja kujibizana. Midahalo ya ana kwa ana ya wagombea urais wa vyama vikuu ilianza mwaka 1960, John F. Kennedy alipokabiliana na Richard Nixon kwenye televisheni. Lakini mwenye mashine ya Edison aliweza kuwapanga kama karata.

Chukua suala la amana za benki. Mwaka 1907 Marekani ilipigwa na msukosuko wa fedha, watu wakakimbilia madirisha ya benki kudai chao. Bryan aliweka silinda inayotaka amana za wananchi ziwekewe dhamana. Taft aliweka yake akipinga kuzilazimisha benki kuchangiana bima. Cheza ya kwanza, itoe kwa vidole viwili, weka ya pili. Baba akimpenda Taft na mjomba akimpenda Bryan, jioni ilikuwa na kazi. Wagombea wenyewe waliingia kaburini kabla jibu halijapatikana: sheria ya taifa ya bima ya amana ilipitishwa mwaka 1933, Bryan akiwa amefariki miaka minane na Taft mitatu.

Kuna jambo jingine la kuangalia kwenye sebule hiyo. Mwaka 1908 wanawake waliweza kupiga kura ya urais katika majimbo manne tu, yaani Wyoming, Colorado, Utah na Idaho. Mikutano ya siasa ilikuwa zaidi shughuli ya wanaume, lakini mashine iliyo kando ya meza ya chakula haikuuliza nani ana kadi. Mama, bibi na watoto walimsikia mgombea sawasawa na baba.

6. "Kila nakala iliyouzwa ilimlazimu msemaji kurudia upya."

ILIKUWA KWELI ZAMANI. Kufikia 1908 haikuwa kweli tena.

Miaka ya 1890, kunakili silinda kulikuwa taabu. Msanii aliwekewa mashine kadhaa kwa wakati mmoja, kila moja na pembe yake, akaimba, akapata silinda chache, kisha akaimba tena. George W. Johnson, mwimbaji mweusi aliyezaliwa katika zama za utumwa, alijulikana kwa wimbo wake wa kicheko, na aliurudia mara maelfu, kicheko kilekile siku nzima, kwa sababu hapakuwa na njia nzuri ya kuzalisha nakala nyingi.

Kuanzia 1902 kampuni ya Edison ilitumia kalibu. Silinda ya kwanza ya nta ilipakwa utando mwembamba mno wa dhahabu, juu yake ikajengwa shaba kwa umeme hadi ikawa nene na ngumu, kisha nta ikatolewa. Kilichobaki ni kalibu yenye mifereji ndani. Wakamimina nta ngumu iliyoyeyushwa, ikapoa, ikasinyaa kidogo, ikateleza ikatoka yenyewe. Moja, mia, elfu.

Hapa ndipo penye jibu la swali ambalo wengi hawalifikirii: kwa nini 1908 na si miaka kumi kabla? Mwimbaji anayelipwa kwa siku anaweza kucheka mara elfu. Mgombea urais hawezi kuisoma sera yake ya ushuru mara elfu ndani ya pembe. Teknolojia ya kunasa sauti ilikuwepo tangu 1877. Iliyochelewa ni teknolojia ya kuzalisha nakala kwa wingi, na bila nakala hakuna duka.

7. "Ukisikia sauti ya Bryan katika hotuba yake ya Msalaba wa Dhahabu, unasikia mkutano wa Chicago wa 1896."

SI KWELI.

Hotuba yenyewe ilitolewa Chicago tarehe 9 Julai 1896. Bryan alikuwa na miaka 36 tu, na ukumbi ulipagawa hadi akateuliwa kugombea urais. Lakini hakuna pembe iliyoinasa siku hiyo. Sauti inayozunguka leo ilirekodiwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, katika studio ya kampuni ya Gennett mjini Richmond, Indiana. Bryan alikuwa amepita miaka 60 na alibakiza miaka michache ya kuishi.

Kwa hiyo ni Bryan kweli, na maneno ni yake kweli. Lakini unayemsikia ni mzee anayekumbuka ujana wake chumbani, wala si kijana anayeupindua mkutano. Anayeichukua rekodi hiyo akaeleza jinsi sauti ya Bryan ilivyoliteka taifa mwaka 1896, anapima moto kwa kutumia majivu.

8. "Zipo rekodi za Rais McKinley na za Abraham Lincoln."

SI KWELI. Zipo rekodi za maneno yao, zikisemwa na watu wengine.

Lincoln aliuawa mwaka 1865, miaka 12 kabla ya fonografu kubuniwa. Hotuba yake ya Gettysburg iliyouzwa kwenye santuri ya Berliner mwaka 1898 ilisomwa na mwimbaji William F. Hooley. William McKinley alihutubia maonyesho ya Buffalo tarehe 5 Septemba 1901, akapigwa risasi kesho yake, akafariki tarehe 14. Baada ya hapo ilitoka rekodi ya hotuba hiyo ya mwisho, na msomaji alikuwa Len Spencer, msanii aliyejua kuigiza karibu kila aina ya sauti.

Spencer hakuwa tapeli. Kusoma na kuigiza ndiyo iliyokuwa kazi yake, kama mtangazaji wa redio anayesoma barua ya msikilizaji. Tatizo limezaliwa baadaye: jina la msomaji limeanguka njiani, likabaki jina la rais. Jambo linalozidisha mkanganyiko ni kwamba picha za filamu za McKinley akihutubia Buffalo ni za kweli, ila hazina sauti. Mtu akichukua picha ya kweli na kuigandisha na sauti ya Spencer, anapata kitu ambacho nusu yake ni halali, na nusu hiyo halali ndiyo inayokufanya uiamini nyingine.

9. "Theodore Roosevelt alikuwa na sauti nzito ya kunguruma."

SI KWELI.

Mwindaji wa simba, mpanda farasi wa vita, mtu wa misuli na miwani: picha inatulazimisha tumtungie sauti ya besi. Mwaka 1912, alipotaka kurudi Ikulu kwa tiketi ya chama kipya cha Progressive, Roosevelt alirekodi silinda za Edison na santuri za Victor. Zisikilize. Sauti ni nyembamba, ya juu kiasi, matamshi ni ya mtoto wa familia ya kitajiri ya New York, kila silabi imenyooshwa kama shuka iliyopigwa pasi. Pembe ilipunguza besi za kila mtu, hilo ni kweli, lakini na waliomsikia jukwaani waliusema ule wembamba wa sauti yake.

Na tukiwa hapo hapo: ile hotuba aliyoitoa Milwaukee tarehe 14 Oktoba 1912 akiwa na risasi kifuani haikurekodiwa. Anayekuuzia sauti yake anakuuzia mwigizaji.

10. "Silinda ndizo zilizomshindisha Taft."

SI KWELI.

Taft alishinda kwa kura za wajumbe 321 dhidi ya 162 za Bryan. Lakini wote wawili walikuwa dukani, na Bryan, msemaji hodari zaidi, ndiye aliyetangulia. Hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kushindwa, baada ya 1896 na 1900. Ukija 1912, Roosevelt alirekodi kwa makampuni mawili na akaambulia wajumbe 88. Woodrow Wilson, naye akiwa na santuri zake za Victor, aliondoka na 435. Taft, aliyekuwa rais na aliyekuwa na santuri pia, alipata 8.

Kama kuna aliyepata faida ya uhakika katika misimu yote miwili, ni muuza santuri. Yeye aliuza kwa mshindi na kwa aliyeshindwa kwa bei moja.

11. "Leo huwezi kuzinakili wala kuziuza bila kibali."

SI KWELI, kwa sheria ya Marekani.

Kwa miaka mingi rekodi za kale zilikuwa kwenye utata, kwa sababu sheria ya taifa ya hakimiliki haikulinda rekodi za sauti zilizotengenezwa kabla ya Februari 1972, na kila jimbo lilikuwa na kanuni zake. Sheria iliyopitishwa mwaka 2018 ilikata mzizi wa fitina: rekodi zote zilizotolewa kabla ya 1923 ziliingia mikononi mwa umma tarehe 1 Januari 2022. Bryan, Taft, Roosevelt na Wilson wa silinda na santuri hizo ni wa kila mtu huko. Nchi nyingine zina sheria zake, kwa hiyo ukiwa Nairobi au Dar es Salaam tazama sheria ya kwenu kwanza.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Sauti ya mgombea ya 1908 iliundwa kwa pembe, nta, dhahabu na kalibu, ikakatwa ikatosha dakika mbili, ikatiwa bei. Hilo halikuifanya kuwa ya uongo. Taft unayemsikia ni Taft mwenyewe. Ambacho hakikuwepo ni mkutano unaoufikiria.

Kwa hiyo safari nyingine ukitumiwa kwenye simu "sauti halisi" ya kiongozi wa zamani, usiisambaze kabla ya kuuliza mambo matatu: nani anasema, alisema mwaka gani, na mbele ya nani. Ukiambiwa ni umati ukishangilia kabla ya 1925, una haki ya kuuliza maikrofoni ilitoka wapi.